Mwambie Mama Asivute

Mama yangu, Tereza, alijifunza pikipiki akiwa ameshapata wajukuu, na mwalimu wake alikuwa mtu ambaye mila inamkataza hata kumpa mkono. Mwalimu huyo ni Edgar, mume wangu.

Kwetu Wasukuma, mama na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakalii kiti kimoja, na hakuna anayemtaja mwenzake kwa jina. Wakikutana njiani mmoja anapisha majanini na kutazama pembeni, na salamu inarushwa kama mtu anavyorushia kuku mahindi. Edgar ni Mpimbwe wa hapa hapa Usevya, na kwao heshima hiyo ipo pia, kwa hiyo haikutugombanisha. Tangu anioe, sidhani kama maneno yake na mama yalikuwa yamezidi salamu na pole. Yeye alimwita "mama", na mama alimwita "baba Helena", kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Mama alifariki mwaka huu, wakati wa Kwaresima, kwa presha, kitandani kwake, akiwa ameshapakwa mafuta ya wagonjwa. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa bado kuna asubuhi naamka nikitaka kumpelekea maziwa. Watu wanaokuja kutupa pole wanaanza kwa kulia, na kabla chai haijapoa wanacheka, kwa sababu kila mmoja ana habari yake ya Tereza na pikipiki. Nyingi wamezikosea. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa katikati yao, na mtaona katikati ni mahali gani.

Mama aliletwa huku na baba yangu, Malale, pamoja na ng'ombe, wakitokea Maswa, wakati mimi ningali mgongoni. Baba alikuwa mtu wa kufuata malisho, leo yupo, kesho yuko porini, hivyo kazi za nyumbani zilizohitaji ng'ombe alizifanya mama. Alilima kwa plau. Alichota maji kwa mkokoteni wa ng'ombe, amesimama juu ya mbao, kamba mkononi. Baba alipofariki, mama aliingia dini kwa nguvu zile zile, na baada ya miaka akawa katekista wa kigango chetu.

Mbele ya kigango chetu kuna makazi ya wafugaji yanayoitwa Mwamanyanda, kwa jina la mzee Manyanda aliyekuwa wa kwanza kujenga kule. Ni mbali, njia ni ya mchanga, na mtandao wa simu haufiki. Katekista wao alihama, hakupatikana mwingine, basi mama akawa anakwenda kwa miguu kuwafundisha sala. Siku moja ikaja habari kwamba bibi mmoja wa kule, mama wa mfugaji aitwaye Doto, amefariki. Mama akaondoka papo hapo. Alipofika akawakuta wanaume wanaosha majembe.

"Tumekungoja, mama katekista," Doto alimwambia, bila ubaya wowote. "Jua likatushinda."

Mama akasali juu ya udongo, akarudi. Hakula siku ile. Aliniambia, "Lucia, yule bibi nilimfundisha ishara ya msalaba mimi mwenyewe, nimeushika mkono wake. Amekwenda kama mtu asiye na mtu."

Haukupita muda mrefu, parokia ikapata pikipiki moja nyekundu kutoka kwa wafadhili. Paroko wetu wakati huo alikuwa Padri Arcade, mzaliwa wa Katumba, mtu wa maneno machache. Aliwaita makatekista akawaambia kwamba pikipiki atapewa yule atakayeichukua Mwamanyanda iwe chini yake, lakini lazima awe anajua kuiendesha, na ataonyesha uwezo wake siku ya Kupalizwa Bikira Maria, baada ya Misa, pale uwanjani kanisani. Mikono miwili ikanyooshwa. Mmoja ulikuwa wa Methusela, katekista wa kigango cha jirani, ambaye alishajua kuendesha. Wa pili ulikuwa wa mama. Watu wakacheka, na mama akauacha mkono juu mpaka walipomaliza.

Methusela si mtu mbaya. Ni mtu nadhifu, suruali yake ina mstari hata siku ya kupalilia. Alieleza kwamba akipewa pikipiki atafika Mwamanyanda mara moja kwa mwezi, njia ikiruhusu.

"Na watakaokufa katikati ya mwezi?" mama akamuuliza.

"Watavumilia, mama," Methusela akajibu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kaka yangu Richard, ambaye angemfundisha, alikuwa na ng'ombe mbali upande wa kusini. Mama akaenda mwenyewe kijiweni kwa vijana wa bodaboda kutafuta mwalimu, nao wakamwambia, "Bibi, wewe panda nyuma, kaa ubavu kama wenzio, sisi tutakupeleka mpaka mbinguni." Akarudi amenuna. Edgar, ambaye naye ni wa bodaboda lakini si wa kijiwe kile, alimaliza uji wake, kisha akasema, "Mwambie mama, mimi nipo."

"Utamfundishaje mtu usiyeweza kumsogelea?" nikamuuliza.

"Si utakuwepo wewe."

Mama alipopata habari hizo aliwaza usiku kucha, na asubuhi akaja na pingamizi. Pikipiki ya kujifunzia ni ya Edgar, na kiti chake ndicho Edgar anachokalia kila siku. Mama mkwe hakalii kiti cha mkwe. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini alikuwa amekuja na gunia la mpunga, tupu, limefuliwa. Akalikunja, akalilaza juu ya kiti, akalifunga kwa mpira wa baiskeli.

"Sasa nakalia gunia langu," akasema. "Kilicho chini ya gunia sikijui."

Pingamizi la pili lilikuwa suruali. Mtu hawezi kupanda pikipiki kwa kitenge, na mama akavaa suruali ya marehemu baba ndani ya gauni. Ila ukipanda, gauni linapanda nalo, na suruali inaonekana. Mkwe hawezi kumwona mama mkwe wake katika hali hiyo. Edgar akasema hilo dogo, yeye atageuka. Kwa hiyo mume wangu alifundisha somo lote akiwa ametupa mgongo, anaitazama milima.

Tulikwenda kwenye majaruba ya jirani yetu Masunga. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, ardhi imekauka, matuta yamebomolewa ili ng'ombe wale mabua. Edgar alisimama upande mmoja. Mama upande wa pili juu ya gunia lake. Mimi katikati. Masunga mwenyewe, aliyezaliwa kijiji kimoja na mama kule Maswa na hana adabu naye, alikaa juu ya lundo la majani ya mpunga na mswaki wake wa mti mdomoni, kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Mwambie mama akamate klachi, mkono wa kushoto," Edgar akaiambia milima.

"Mama, kamata klachi, mkono wa kushoto."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie nimekamata."

"Amekamata."

"Mwambie aingize gia namba moja, mguu wa kushoto, akanyage mbele."

"Mama, kanyaga mbele, mguu wa kushoto."

"Nimekanyaga. Imelia ko."

"Imelia ko, baba Helena."

"Ni vizuri. Mwambie aachie klachi taratibu, huku anaongeza mafuta kidogo."

Nikamwambia. Pikipiki ikaruka kama ndama aliyeumwa na nyuki, ikazima.

"Tereza," Masunga akaita, "mtoboe pua umtie kamba."

"Wewe piga mswaki, Masunga. Meno yenyewe mawili."

Mnajua wenyewe kwamba maneno yakipitia kwa mtu yanachelewa. Edgar akisema "breki", mimi nikisema "mama, anasema breki", mama anakuwa ameshaingia kwenye majani ya Masunga. Kila agizo lilifika baada ya tukio. Na kwa kuwa mwalimu haoni, kazi yangu ya pili ilikuwa kumsimulia.

"Kuna nini? Mbona kimya?"

"Ameanguka."

"Mwambie pole."

"Mama, baba Helena anasema pole."

"Mwambie asante. Halafu mwambie aseme jinsi ya kuliinua hili."

Siku moja tu Edgar alijisahau. Alisikia mlio umebadilika, akageuka, akapiga kelele mwenyewe, "Mama, breki." Mama akashtuka zaidi kwa kuitwa kuliko kwa pikipiki. Wote wawili wakaona aibu, mmoja akatazama chini, mwingine akatazama juu, na somo likafungwa. Jioni Edgar akanituma na kuku wa kuomba radhi. Mama akampokea, akamfuga, na kuku yule baadaye akatuletea vifaranga wengi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililotushinda. Mama aliweza kuondoka. Aliweza kukata kona, hata kuzunguka majaruba yote huku Masunga anampigia makofi. Hakuweza kusimama. Kila kitu kilichomtisha, shimo, mbwa, kichuguu, kilimfanya ajitupe nyuma na kuvuta usukani kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, huku anasema "Hooo, hooo," na kadiri alivyovuta ndivyo mkono wa kulia ulivyozidi kuzungusha mafuta na pikipiki ikazidi kukimbia. Alipita katikati ya matuta ya viazi ya mke wa Masunga kwa njia hiyo, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mdomo wake haukuacha kusema hooo.

"Mwambie mama asivute," Edgar akasema.

"Mama, usivute."

"Nisipovuta itasimamaje?"

Nikarudisha swali. Edgar akaokota bua, akaanza kulivunjavunja. Yeye amekua na jembe la mkono, hajawahi kushika kamba ya ng'ombe maishani mwake, na hakujua anajibizana na nini. Mimi nilijua. Niliona mikono ya mama tangu utoto wangu, juu ya ule mkokoteni wa maji. Kila mnyama aliyewahi kumbeba au kumvutia mzigo alisimama kwa kuvutwa nyuma. Ulikuwa ni mwili wake ndio unaovuta, akili haikuulizwa.

"Muulize," Edgar akasema hatimaye, "hivi breki anaijua?"

"Mama, breki unaijua?"

"Naijua. Iko mguuni. Lakini nikiogopa, miguu inakuwa haipo."

Sikukuu ilikaribia. Tulisikia kwamba Methusela ameshaanza kupaka viatu rangi. Edgar akaniambia faraghani, kwa huzuni ya kweli, kwamba mama anaweza kujiumiza na yeye hatakuwa na uso wa kumtazama mtu, nami nikamwambia kwamba hata sasa hana. Hatukucheka sana. Mama alikuwa amepunguza maneno. Jioni nilimkuta amekaa juu ya pikipiki iliyosimama kwenye stendi, nyuma ya nyumba yetu, anasali rozari. Nilikaa chini kwenye kigoda, nikachambua mchele, nikamwacha.

"Lucia," akaniita kabla hajamaliza. "Nilipokuwa nalima, plau ikigonga kisiki, nilikuwa nafanyaje?"

"Ulikuwa unaachia."

"Kwa nini?"

"Ukiing'ang'ania inakupiga mbavu."

Akaitazama pikipiki kati ya mikono yake kama mtu anayemtambua jamaa waliyepotezana naye.

"Basi tumekosea tangu mwanzo," akasema. "Tumemfanya ng'ombe. Kumbe ni plau."

Kesho yake majarubani Masunga aliachilia mbwa wake makusudi. Mama akamwona, mabega yakaanza kurudi nyuma, kisha nikamwona amekumbuka. Akaachia. Tatizo ni kwamba aliachia kila kitu. Alinyanyua mikono yote miwili hewani kama kwaya ya watoto, pikipiki ikaenda peke yake hatua kadhaa bila kushikwa, ikakohoa, ikazima, ikalala ubavu. Na yeye juu ya gunia.

"Kuna nini?" mwalimu akaiuliza milima.

"Amesimama," nikasema. "Yaani, amelala. Lakini hakuvuta."

Edgar alicheka mpaka akachuchumaa, mgongo wake bado umetugeukia. "Mwambie mama aachie mafuta. Asiachie usukani."

Hilo aliliweza. Tangu siku ile, akiogopa, mimi nasema neno moja tu, "Kisiki," na mkono wake wa kulia unalegea. Breki hakuigusa. Aliisimamisha pikipiki kwa kuinyima mafuta mpaka ife yenyewe, popote itakapofia. Gia namba mbili pia aliijaribu mara moja, akasema ile ni ya vijana.

Siku ya Kupalizwa tuliamka mapema. Edgar aliosha pikipiki yake, mama akafunga gunia jipya. Alikuwa aendeshe mwenyewe hadi parokiani, mimi nyuma yake, Edgar atangulie kwa lifti. Tulikuwa bado tunaweka sawa vilemba Doto alipofika kwa baiskeli, shati limelowa mgongoni.

"Mwangaluka, mama katekista."

"Mwangaluka, baba. Kuna nini kwenu?"

"Mzee Manyanda ametutoka alfajiri. Watoto wake wanasema hawatangoja, jua ni kali. Wamenituma nikuambie tu, ujue."

Ujue tu. Hata hawakumwomba aje. Mama akauliza wanazika saa ngapi, Doto akasema jua likifika kichwani. Bodaboda zote za karibu zilikuwa zimeshachukua waumini kwenda parokiani. Na Edgar mwenye pikipiki hangeweza kumpakia mama mkwe wake nyuma yake, kifua na mgongo, hata kama Papa mwenyewe angetoa ruhusa.

Mama akasimama kando ya gunia lake. Parokiani ni njia ya kulia, Mwamanyanda ni ya kushoto.

"Padri anakungoja, mama," nikasema.

"Padri yupo hai," akasema. "Panda."

Nikapanda. Edgar akageukia ukuta wa nyumba, na nilisikia sauti yake ina wasiwasi. "Mwambie mama, gia namba moja tu. Asibadilishe."

"Amesikia."

"Mwambie kwenye mchanga asikaze mikono."

"Amesikia, baba Helena."

"Na wewe ushike vizuri."

Hilo la mwisho lilikuwa langu, na sikulipeleka kwa mtu.

Sijawahi kusafiri safari ndefu kama ile. Gia namba moja inapiga kelele kubwa na haifiki haraka. Baiskeli ilitupita, mwendeshaji akatupungia mkono. Mama alianza Salamu Maria kwa sauti ili asikie mwenyewe juu ya mlio, nami nikaitikia nyuma, na kila mchanga ulipozidi sala ilikwenda kasi kuliko sisi. Vumbi lilitupaka mpaka kope.

Kwenye kona ya miti tukakutana na ng'ombe. Kundi zima, njia nzima, na mbele yao dume lenye nundu kubwa na pembe zilizofunguka kama mikono ya kwaya. Nilihisi mgongo wa mama unakuja kifuani kwangu. Mlio wa pikipiki ukapanda. Alikuwa anavuta.

"Kisiki," nikampigia kelele sikioni. "Mama, kisiki, kisiki."

Mgongo ukalegea. Pikipiki ikakohoa, ikapungua, ikafa, na tairi la mbele likasimama karibu sana na pua ya lile dume hivi kwamba liliinusa. Wakatazamana, dume na mama.

"Hooo," mama akaliambia, taratibu, na dume likasogea pembeni.

Mchungaji aliyekuwa nyuma ya kundi alimtambua, akavua kofia. "Mama katekista, unaenda kwa mzee? Wahi, walikuwa wanateremsha."

Pikipiki ikagoma kuwaka. Mama akapiga kiki, nikapiga kiki, mchungaji akapiga kiki, na sijui ni mguu wa nani Mungu aliusikiliza.

Waliokuwa kaburini walitusimulia baadaye. Mwili ulikuwa umeshashuka, wanaume wameshashika majembe. Ndipo mlio ukasikika kutoka porini, mbali, haukaribii upesi wala haukomi. Mmoja akasema kuna mtu anakuja na mashine ya kusaga. Mtoto mkubwa wa Manyanda akasikiliza, akaweka jembe chini.

"Tungoje," akasema. "Mwenye kujua kuendesha asingepiga kelele namna hiyo. Huyo ni katekista."

Tukatokea. Mama akawaona, akaona kaburi liko wazi, akaachia mafuta mapema, kwa heshima. Lakini uwanja ule una mteremko. Tukapita mbele ya waombolezaji polepole, wanawake waliokuwa wanalia wakanyamaza ili watazame, mama akawapa pole kulia na kushoto tunavyopita, tukaendelea kushuka, tukavunja mlango wa miiba wa zizi, na pikipiki ikafia katikati ya samadi. Hatukuanguka. Namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Mama akashuka. Akateremsha gauni juu ya suruali, akajipangusa uso kwa kanga mpaka uso ukaonekana wa mtu, akatoa kitabu cha sala na chupa ya maji ya baraka kwenye kikapu, akapanda ule mteremko akiwa na samadi hadi magotini. Hakuna aliyecheka. Alisimama kwenye kichwa cha kaburi na akaanza kwa ishara ya msalaba, na watu wote wa Mwamanyanda, hata wale wasiosali, wakaufuata mkono wake. Sauti ilikuwa imekauka kwa vumbi. Alisoma yote, hakuruka kitu. Alipomaliza kumnyunyizia mzee Manyanda akaenda kwenye kaburi la mama yake Doto, lililokuwa limeshaota majani, akalinyunyizia nalo, akakaa pale kidogo amepiga magoti. Doto alisimama nyuma yake ameshika kofia.

Tulirudi kwa gia ile ile, jua likiwa linashuka. Njiani mama hakusema mengi. Alisema tu, "Methusela ataitunza. Ni mtu msafi." Nilikuwa na hasira na sikukuu yote ile, lakini kwa mkono wangu kiunoni mwake nilihisi anapumua kama mtu aliyetua mzigo, nikamshika vizuri.

Tulipofika nyumbani tukakuta pikipiki yetu imepata mwenzake. Maana ile nyekundu ilikuwa imeegeshwa uani kwetu.

Edgar alinisimulia, mimi nikamsimulia mama, ingawa alikuwa amesimama pale pale anasikia. Alikuwa amefika parokiani kwa miguu, akakuta Misa imekwisha na Methusela yuko juu ya pikipiki anazunguka kanisa vizuri kabisa, gia zote, taa zote. Padri Arcade akauliza Tereza yuko wapi. Edgar akasema amekwenda kuzika Mwamanyanda.

"Kwa miguu?" Padri akauliza.

"Kwa pikipiki yangu."

Padri akamgeukia Methusela. "Wewe ungekwenda leo?"

Na Methusela, kama nilivyosema si mtu mbaya, hakudanganya. "Leo ni sikukuu, Padri. Ningekwenda kesho."

"Kesho ungemkuta nani?"

Methusela akazima pikipiki. Akashuka mwenyewe, akatoa leso, akapangusa kiti alichokuwa amekikalia, akampa Padri ufunguo. Padri akampa Edgar. Ndiyo maneno yote yaliyosemwa.

Sasa ufunguo ulikuwa mkononi mwa Edgar na mama yuko hatua chache mbele yake, na Edgar hawezi kumpa kitu mkononi. Akauweka juu ya kigoda, akarudi nyuma mpaka ukutani, akageuka. Mama akaenda, akauchukua, akaufungia kwenye ncha ya kanga. Vumbi usoni mwake lilikuwa limeshapata njia mbili za machozi.

"Mwambie baba Helena asante," akasema.

"Baba Helena, mama anasema asante."

"Mwambie si kitu."

Mama akaizunguka ile pikipiki nyekundu mara moja, akakigusa kiti chake kisichohitaji gunia, akainama kutazama chini karibu na mguu.

"Muulize," akasema, "hii nayo ina breki?"

"Anauliza kama hii nayo ina breki."

"Mwambie inazo mbili," Edgar akauambia ukuta. "Moja ya mguu, moja ya mkono."

Mama akatazama usukani.

"Mwambie kesho anifundishe hiyo ya mkono."